Daktari na Askari katika Sinema za Kichina: Tuwaambie Nini Watoto Wetu?

Kuna swali ambalo wazazi wa Baraka na Fizi huulizana mara kwa mara, nasi tumeona yafaa kulijibu hapa kwa kirefu. Wasema hivi: "Zamani vijana wetu walitazama sinema za Kichina kwa ajili ya ngumi na mateke. Sasa wanatazama sinema za Kichina za mapenzi, ambazo ndani yake mwanamke ni daktari na mwanamume ni polisi. Wanarudi nyumbani usiku, na mazungumzo yao yote ni hayo. Je, tuwakataze, au tuwaache?"

Swali hili si dogo. Katika nchi ambayo watoto wengi wameona bunduki kabla ya kuona kalamu, kumwonyesha kijana askari mwema anayependana na daktari ni somo, hata kama aliyeutunga mchezo huo hakutufikiria sisi kabisa. Humo kijana hujifunza mambo matatu makubwa: namna ya kumpenda mtu, namna ya kutumia nguvu, na namna ya kuutunza uhai. Basi tusikimbilie kusema ndiyo wala siyo. Kwanza tujue kilichomo.

HABARI YA MCHEZO WENYEWE

Michezo ya namna hii ni mingi. Tuchukue mmoja ulio maarufu, uliotolewa Uchina mwaka 2021, wenye vipande 40. Watu wa nje huuita You Are My Hero, maana yake Wewe ni Shujaa Wangu. Ulitungwa kutokana na kitabu cha hadithi cha mwandishi Mu Qingyu. Mwanamke aitwa Mi Ka, daktari kijana ambaye angali katika mafunzo ya upasuaji. Mwenye kumwigiza ni Ma Sichun. Mwanamume aitwa Xing Kelei, polisi wa kikosi maalumu. Mwenye kumwigiza ni Bai Jingting.

Siku moja majambazi wanavamia duka la vito, na Mi Ka ni mmoja wa watu walionaswa ndani. Polisi wanaingia kuwaokoa. Mmoja wao, ambaye uso wake umefunikwa, anamtoa salama, kisha anakwenda zake bila kungoja asante. Miaka miwili yapita. Madaktari wanapelekwa kufundishwa pamoja na polisi kazi ya kuwaokoa watu wakati wa maafa. Mwalimu wao ni mtu mkali, asiyependa uvivu wala udhuru. Ndiye yule yule aliyefunika uso. Kutoka hapo wawili hao wanagombana, wanajuana, wanaheshimiana, na mwisho wanapendana. Lakini kila mara mapenzi yao yanapotaka kupumzika, kazi inawaita: huku mgonjwa, kule hatari.

Mwaka ule ule wa 2021 ulitoka mwingine wa ukoo huo, My Dear Guardian, ambao ndani yake daktari wa jeshi anapendana na mkuu wa kikosi maalumu. Aliyetazama mmoja hatashangaa akitazama wa pili.

Jina la Kichina la mchezo ule wa kwanza lina maneno mazito kuliko hili la shujaa. Maana yake ni: Wewe ni mji wangu wenye kuta, wewe ni ngome yangu. Tulishike neno hilo la ngome, maana tutalirudia.

JINSI MICHEZO YA KICHINA ILIVYOINGIA KATIKA KISWAHILI

Wengine hudhani kwamba mambo haya yameanza jana. Sivyo. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Nusu karne baadaye, mwaka 2011, Shirika la Utangazaji la Tanzania lilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, habari za kijana mwanamke aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake wawili. Doudou huyo ni muuguzi wa hospitali. Wazazi wa mumewe walikuwa wameachana, kwa hiyo yampasa kuwaridhisha mama wakwe wawili badala ya mmoja. Akina mama wa Dar es Salaam waliupenda mno, kwa kuwa taabu ya mkwe yajulikana pande zote za dunia. Hata Rais Xi Jinping wa Uchina, alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013, aliutaja mchezo huo kama daraja baina ya watu wa nchi mbili.

Baadaye kampuni ya Kichina ya StarTimes ilieneza visimbuzi katika nchi nyingi za Afrika, ikawatafuta Waswahili wa kutia sauti michezo ya kwao. Na katika mkutano wa Johannesburg wa Desemba 2015 serikali ya Uchina iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika. Tena, mbali na kampuni hizo, wapo wale wasimulizi wanaofasiri sinema za kigeni kwa Kiswahili, wakichanganya na mizaha yao wenyewe. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo, na kanda zake zilivuka mipaka.

Kwa sisi watu wa Fizi kuna sababu moja zaidi. Tangu vita vya mwaka 1996 jamaa zetu wengi walivuka Ziwa Tanganyika wakakaa katika kambi za Kigoma, kama Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Walirudi na mabati machache, na watoto waliozaliwa ng'ambo, na Kiswahili cha Tanzania vinywani mwao. Basi sauti ya Dar es Salaam ikitoka katika kinywa cha Mchina, haiwi ngeni kwetu. Mtoto husikia lugha aliyonyonya kambini.

YALIYO MEMA NDANI YAKE

Haki yataka tuanze na mema, nayo ni mengi kuliko wengi wetu tulivyotazamia.

Kwanza, mapenzi ya michezo hii hayana haraka. Vipande vingi vyapita kabla wawili hawa hawajashikana mkono kwa mapenzi. Mwanamume haanzi kwa fedha wala kwa nguvu. Hujulikana kwanza kwa kazi yake, kwa neno lake, na kwa jinsi anavyowatendea wenziwe. Tukilinganisha na sinema nyingine zinazotoka nchi za mbali, ambazo ndani yake watu wawili wanakutana asubuhi na jioni wamekwisha kulala pamoja, twaona tofauti ya mchana na usiku.

Pili, mwanamke wa humo ana elimu. Mi Ka hapendwi kwa sababu ya uso wake tu. Anasoma, anakesha, anakosea, anaonywa na wakubwa wake, anaanza tena. Msichana wa Baraka anayemtazama aweza kuona kwamba kupendwa na kusoma si maadui wawili. Nasi tunaofundisha twajua thamani ya jambo hilo, maana kila mwaka twaona madawati ya wasichana yakiachwa matupu kabla ya darasa la mwisho.

Tatu, kazi huheshimiwa. Daktari haulizi mgonjwa ana fedha ngapi kabla ya kumgusa. Polisi hanyoshi mkono kuomba kitu njiani. Kijana wa kwetu akiona hivyo hucheka, husema: "Polisi wa namna hii yuko wapi?" Na acheke. Kicheko hicho kina faida, maana aliyeona kipimo kizuri hawezi tena kudanganywa na kipimo kibovu. Asiyejua askari anapaswa kuwaje, hata akinyang'anywa kuku wake hudhani kwamba ndiyo sheria.

MAMBO YASIYOONYESHWA

Lakini mzazi mwenye busara haulizi tu kile kinachoonyeshwa. Huuliza pia kile kilichofichwa.

Yafaa tujue kwamba huko Uchina mchezo wa televisheni hauonyeshwi kabla ya kukaguliwa na kupata ruhusa ya wakuu wa serikali. Kwa hiyo polisi wa mchezo ni hodari siku zote, na wakubwa wake wana haki siku zote. Mchezo wa namna hiyo ni hadithi ya mapenzi, nao pia ni sifa ya serikali kwa askari wake. Si kosa kuutazama. Ni kosa kuutazama bila kujua.

Kuna habari nyingine ya daktari na polisi iliyotokea kweli huko Uchina, nayo haifanani na mchezo. Katika mji wa Wuhan alikuwapo daktari wa macho, Li Wenliang. Mwisho wa Desemba 2019 aliwaonya madaktari wenzake kwamba ugonjwa mpya wa mapafu umeonekana hospitalini. Tarehe 3 Januari 2020 polisi walimwita, wakamtia sahihi katika karatasi ya kumkaripia kwa kueneza maneno ya uongo. Akarudi kazini, akaambukizwa ugonjwa ule ule, akafariki tarehe 7 Februari 2020. Mwezi wa Machi polisi wa Wuhan walifuta karipio lile, wakaomba radhi kwa jamaa yake. Sisi sote twaujua ugonjwa ule. Ndio ulioyafunga makanisa na shule zetu mwaka huo. Daktari huyo hakuokolewa na mtu aliyefunika uso. Alisema kweli, akalipa. Kijana anayempenda Mi Ka apewe habari ya Li Wenliang pia, apate kujua kwamba ushujaa wa daktari mara nyingine ni kusema neno moja la kweli mbele ya mwenye kofia.

Jambo jingine lisiloonyeshwa ni Mungu. Katika michezo hii watu huzaliwa, huumwa, huoana na kufa bila sala. Arusi ni kwenda ofisini kupewa kitabu chekundu cha serikali. Hatuwalaumu waliokitunga, maana wameandika mambo ya nchi yao. Lakini mtoto mkristu akumbushwe kwamba ndoa kwetu ni sakramenti, na mchumba hawezi kuwa ngome ya mtu kwa kila jambo. Mzaburi amwita Mungu peke yake ngome yake. Anayemtwika mwanadamu mzigo huo atamchukia siku atakapomwona ni dhaifu, na siku hiyo haikawii katika nyumba yoyote. Mume hurudi amechoka, mke huugua, mtoto hufa, biashara ya samaki huharibika. Michezo mingi huisha penye arusi, bali sisi wenye nyumba twajua kwamba kazi ndipo inapoanza.

BUNDUKI SI POSA

Sasa twafika kwenye jambo linalotusukuma hasa kuandika makala hii, nasi twaomba akina baba na akina mama walisome polepole.

Katika mchezo, msichana anampenda mtu aliyefunika uso na kushika bunduki. Huko mjini kwao jambo hilo halina hatari, maana mtazamaji ajua tangu mwanzo kwamba huyo ni mwema. Katika milima ya Fizi je? Kwetu watu waliofunika nyuso na kushika bunduki wamepita wa kila namna, wenye sare na wasio na sare. Wengi walisema wamekuja kutulinda. Msichana wa miaka 15 akijiwekea moyoni kwamba mwenye silaha ndiye shujaa wake, atafanya nini siku mtu wa namna hiyo atakapomwita njiani kwa maneno matamu, na sabuni, na fedha ya dhahabu? Wasichana wangapi wamepotezwa hivyo, wakarudi nyumbani na mtoto asiye na baba, au wasirudi kabisa?

Tuseme wazi: bunduki si posa. Mwanamume wa kweli huja mchana, uso wazi, na wazee wake, na jina la ukoo wake. Mtu asiyeweza kujulisha alikotoka hawezi kukabidhiwa binti.

Wala tusiseme kwamba hatukuonywa. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi waliingia katika mji wa Fizi wakawatenda wanawake mambo ambayo kalamu yetu yaona haya kuyaandika. Wale walikuwa na sare ya taifa. Lakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Februari mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ilikuja ikaketi Baraka, mbele ya macho ya watu. Makumi ya wanawake walisimama wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011 kamanda mwenyewe, mwenye cheo cha luteni-kanali, alihukumiwa kifungo cha miaka 20, na wengine pamoja naye. Wengi katika Kongo walikuwa hawajawahi kuona mkubwa wa jeshi akihukumiwa hivyo kwa kosa hilo.

Basi tuwaulize vijana: nani alikuwa shujaa katika habari hii? Hakuwa mwenye bunduki. Walikuwa wanawake waliothubutu kusema mbele ya mahakimu, na waganga waliowapokea na kuwatibu. Mchezo wa Kichina una vipande 40; habari hii ya kwetu ilidumu wiki zisizozidi nane, nayo yafundisha zaidi.

MASHUJAA WA KWETU WENYEWE

Yaonekana sisi huwatafuta mashujaa mbali kwa sababu tumesahau kuwahesabu walio karibu.

Tukitaka daktari, tunaye Denis Mukwege. Alikuwa mganga katika hospitali ya Lemera, wilayani Uvira, iliyoshambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa vitandani na kazini. Mtu mwingine angeliacha kazi. Yeye alianza tena Bukavu, katika hospitali ya Panzi, akawatengeneza maelfu ya wanawake walioumizwa na wenye silaha. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Na hapa Baraka penyewe, watu wazima wakumbuka Madaktari Wasio na Mipaka waliofanya kazi hospitalini kwa miaka mingi tangu 2003, na wauguzi wa kienyeji waliosimama pamoja nao wakati wa kipindupindu, mikono katika dawa ya klorini usiku kucha. Hakuna aliyewapiga picha. Lakini wangapi wanaosoma gazeti hili wangali hai kwa sababu yao?

Tukitaka polisi, habari yake ni fupi. Novemba 2021 watu wenye silaha walishambulia kambi ya wachimba dhahabu karibu na Mukera, katika Fizi, wakawateka Wachina watano. Polisi mmoja, Mkongo, aliuawa akiwa katika kazi ya ulinzi. Tufikirie jambo hilo. Mtu wa nchi hii, mwenye mshahara mdogo, alikufa akiwalinda wageni kutoka nchi ile ile inayotutumia michezo ya mapolisi hodari. Hakuna mchezo uliotungwa juu yake.

Hapa tuongeze neno juu ya Wachina wenyewe. Watu wengi wa milima yetu wanawajua kwa jambo moja tu, nalo ni dhahabu: mashine mtoni, maji yaliyochafuka, mashamba yaliyopinduliwa. Malalamiko hayo si ya bure. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini alizisimamisha kampuni kadhaa za Kichina huko Mwenga. Anayedai haki ya mto wake hatendi dhambi. Lakini kumchukia mtu kwa sababu ya taifa lake ni dhambi, na kumteka ni dhambi kubwa zaidi. Kama mchezo wa televisheni umemsaidia kijana wa Fizi kuona kwamba Mchina naye ana mama anayemhangaikia, ana mchumba, anaogopa, anacheka, basi mchezo huo umefanya kazi njema. Tusisahau pia kwamba madaktari wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na vikundi vyao vimeendelea kuja kwa zamu miaka yote hii. Taifa moja laweza kuleta sindano na mashine ya kuchimbia. Mwenye akili hupokea moja na kuuliza juu ya nyingine.

Tena, tukitaka mashujaa wasio na silaha wala koti jeupe, tunao wanne ambao damu yao imo katika ardhi yetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, Bruda Vittorio Faccin aliambiwa mbele ya kanisa la Baraka apande gari la waasi. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka. Naye aliamriwa kupanda. Akapiga magoti karibu na mwili wa mwenziwe, akauawa hapo hapo. Siku ile ile huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, huyu wa mwisho akiwa mwana wa nchi hii kwa mama yake. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kadinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Padri Carrara angeweza kupanda gari, labda angaliishi. Alichagua kutomwacha ndugu yake peke yake chini. Hilo ndilo pendo ambalo michezo yote ya mapenzi hulitafuta, ikalipata nusu.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Kanisa halikuwahi kuziogopa picha zinazotembea, wala halikuzipokea kwa macho yaliyofumbwa. Papa Pius XII aliandika barua juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa tamko lake juu ya vyombo hivyo tarehe 4 Desemba 1963. Mafundisho yao kwa ufupi ni haya: vyombo hivi ni zawadi, na mwenye zawadi ajifunze kuitumia. Basi twawashauri wazazi mambo manne.

La kwanza, tazameni pamoja nao, hata kama ni kipande kimoja kwa juma. Mzazi anayekataza asichokijua hasikilizwi.

La pili, wekeni saa. Kijana asiende katika nyumba ya sinema usiku, hasa binti, kwa maana hatari iliyo njiani ni kubwa kuliko iliyo katika picha. Kama picha zimo katika simu, simu hiyo ilale chumbani mwa wazazi.

La tatu, msimamishe mazungumzo juu ya ndoa wakati moyo wa kijana umefunguka. Kijana akisema kwamba wale wawili walichaguana wenyewe, msimkaripie. Kanisa lafundisha kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna mamlaka ya mtu awezaye kuitoa badala yao. Mzazi anayemlazimisha binti aolewe kwa ajili ya ng'ombe atenda kinyume cha sheria ya Kanisa. Na mzazi anayetoza mahari kubwa mno, hata vijana wakakaa miaka kumi bila sakramenti, ana sehemu katika dhambi yao. Hapo mchezo wa Kichina watukumbusha neno letu wenyewe tulilolisahau.

La nne, ulizeni maswali, msihubiri. Tuonyeshe kwa mfano, mama na binti yake wanapopepeta dagaa asubuhi:

"Mwanangu, yule polisi wa jana, ulimpendea nini?"

"Mama, alimwokoa daktari."

"Ni kweli. Na baada ya kumwokoa, alimdai nini?"

"Hakumdai kitu. Alikwenda zake."

"Je, ukikutana na mtu amekusaidia mzigo njiani, kisha asema sasa wewe ni wake, huyo ni polisi yule?"

"Hapana, mama. Huyo ni mwizi mwenye adabu."

"Umesema vema. Na yule daktari, alisoma miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Basi dagaa wakiisha, uende ukachukue daftari."

Mama huyo hakukataza kitu, wala hakuacha kitu kipite bila kupimwa. Binti yake amejifunza mwenyewe kutofautisha mwokozi na mnyang'anyi, na katika nchi yetu elimu hiyo yaweza kuokoa maisha.

Nanyi vijana mnaosoma gazeti hili, twawaambia neno moja. Mkipenda kuwa daktari kwa sababu ya mchezo mliouona, vema. Tokeo jema halikataliwi kwa sababu ya chanzo chake. Lakini jueni kwamba mgonjwa wa kweli ananuka, na usiku wa kweli ni mrefu, na hakuna wimbo unaopigwa wakati wa kumfunga kidonda. Mkipenda kuwa polisi, vema pia. Taifa lina njaa ya polisi waaminifu. Siku mtakapovaa sare, kumbukeni kicheko cha wale waliouliza: "Polisi wa namna hii yuko wapi?" Na mwajibu kwa kazi yenu.